Maji yalivyoichonga Mombasa na kuacha alama Mirihi

ABIRIA anayevuka kwa feri kivukoni Likoni hupita juu ya bonde la mto wa kale. Bonde hilo halionekani kwa kuwa limezama baharini, lakini ndilo lililoifanya Mombasa kuwa kisiwa na kuipa bandari ya Kilindini kina kilichoipatia jina, kwani kilindi ni mahali penye maji marefu.

Elimu inayotumiwa kusoma mabonde ya aina hiyo ndiyo inayotumiwa leo kuchora ramani za sayari ya Mirihi, ambako mito ilikauka mabilioni ya miaka iliyopita.

Mji wa Kale wa Mombasa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba uo huo, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe.

Matumbawe ni viumbe wa baharini. Kuwepo kwake nchi kavu ni ushahidi kwamba bahari iliwahi kufika juu zaidi. Takriban miaka 125,000 iliyopita, barafu ya dunia ilikuwa pungufu kuliko leo, na uso wa bahari ulikuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita kadhaa.

Baadaye hali ilibadilika. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yalikuwa yameganda kuwa barafu na bahari ikashuka kwa takriban mita 120. Mito ya pwani ikachimba mabonde yake kwa kina zaidi ili kuifuata bahari ilikokwenda. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilirudi na kuyafurika mabonde hayo. Hivyo ndivyo ilivyopatikana mikono ya bahari ya Tudor na Kilindini inayokizunguka kisiwa.

Ramani ya jiolojia ya eneo la Mombasa na Kwale, kazi ya mtaalamu P.V. Caswell, ilichapishwa mwaka 1953. Mtu akitoka ufuoni kuelekea bara hukuta kwanza matumbawe, kisha mchanga, halafu mwamba laini wa tope lililogandamana upande wa Changamwe, na hatimaye mawe ya mchanga ya Mazeras, ambayo ni ya kale zaidi.

Mchoraji wa ramani kama hiyo huongozwa na kanuni chache. Tabaka la chini hutangulia lile lililolala juu yake, iwapo hayakupinduliwa. Mkondo unaokata mwamba ulikuja baada ya mwamba wenyewe. Nayo kokoto ya mviringo huonyesha kwamba ilibiringishwa kwa muda mrefu, aghalabu na maji.

Kwa Mirihi, kazi hiyo ilianzia kwenye picha. Chombo cha Marekani, Mariner 9, kilichoanza kuizunguka sayari hiyo mwaka 1971, kilipiga picha za mabonde makavu yenye matawi kama ya mito. Kwa kuwa hakuna aliyefika huko kupima umri wa miamba kwa mkono, wanajiolojia huhesabu mashimo yaliyochimbwa na vimondo: eneo lenye mashimo mengi huwa la kale kuliko lenye machache.

Mwaka 2005, Caleb Fassett na James Head walieleza kuhusu delta za kale ndani ya shimo la Jezero, lenye upana wa kilomita 45. Delta hutokea pale mto unapoingia katika maji yaliyotulia na kutua mzigo wake wa tope. Kwa hiyo Jezero lilikuwa ziwa. Gari la roboti la Perseverance lilitua humo Februari 18, 2021, kutafuta dalili za uhai wa kale, kwa sababu tope la ziwa huhifadhi vyema mabaki ya viumbe.

Huko Mirihi, ramani inatafuta mahali ambapo maji yalikuwepo. Mombasa inahitaji ramani ili kuyalinda yaliyopo. Mwamba wa matumbawe umejaa matundu na nyufa; maji ya mvua hupenya upesi na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Vilevile, uchafu wa vyoo vya shimo hupita katika nyufa hizo hizo hadi visimani.

Mawimbi nayo hula mwamba kutoka chini. Ndiyo sababu ilibidi ukuta ujengwe ufuoni mwa Fort Jesus kuikinga ngome hiyo, iliyoorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2011.

Mirihi ilipoteza mito na maziwa yake, na mengi ya maji yaliyosalia ni barafu. Mkazi wa Mji wa Kale anayeshusha ndoo kisimani angali na maji ya kulinda, na hatima yake imo katika mwamba ulio chini ya miguu yake.