Mama ‘alinipigia’ chai: Kosa la sikio, si la uvivu

Juzi nikiwa Bomet, mwalimu mmoja alinionyesha insha ya mwanafunzi wake wa Gredi ya 6. ‘Nilipofika nyumbani, mama alinipigia chai.’ Mwalimu alikuwa ameisoma kwa sauti mbele ya darasa. Watoto waliolelewa kwenye kambi za mashamba ya chai, ambako Wakisii, Waluo na Waluhya huishi pamoja, wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo mtoto yule hajainua mkono.

Kupika ni kuivisha chakula kwa moto. Kupiga ni kugonga kwa mkono au kifaa, ila kitenzi hiki kina kazi nyingine chungu nzima: piga simu, piga picha, piga pasi. Kama mtu hupiga pasi, mbona asipige chai?

Lakini kiini hasa ni sauti. Katika Kipsigis, k na g si fonimu mbili. Ni fonimu moja ambayo ikikaa baina ya irabu husikika kama g. Hata jina la jamii yenyewe utalikuta limeandikwa Kipsigis hapa na Kipsikis pale, na hakuna anayebabaika. Kwa sikio lililolelewa hivyo, pika na piga ni neno moja. Ndivyo ilivyo pia kwa oka na oga (mkate huokwa, mtu huoga), na toka na toga. Kutoga, kwa asiyejua, ni kutoboa sikio, jambo ambalo wazee wa Kipsigis walilifahamu sana kabla hata ya kulisikia neno lenyewe.

Kwa hivyo nilimwambia mwalimu aweke kando wino mwekundu kwanza. Atamke jozi hizo, mtoto aoneshe picha ya sufuria au ya ngumi, tena na tena, mpaka sikio lifunguke. Ukimsahihisha kwenye karatasi tu, unamtaka aandike tofauti asiyoisikia.

Halafu kuna kosa la sisi wakubwa. Nikirudi Kericho nilisikia redioni habari za wafanyakazi ‘wanaochuna’ majani chai, na magazetini nimelisoma hilo mara nyingi. Hapa Kipsigis hakina hatia. Kuchuna ni kumwondoa mnyama ngozi. Mtaani, kumchuna mtu ni kumla pesa zake. Yale majani mawili na chipukizi huchumwa, na anayeyachuma ni mchumaji.