Tohara ya Mtoto Mchanga: Mzazi wa Namanyere na Mipaka ya Sheria

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, tohara ya wavulana haikuwa desturi ya kila ukoo. Familia za Kiislamu za mwambao wa Ziwa Tanganyika ziliwatahiri watoto wao kwa mujibu wa dini, lakini familia nyingi za Kifipa hazikufanya hivyo. Ndiyo maana Rukwa ilihesabiwa miongoni mwa mikoa ya kipaumbele Serikali ilipoanzisha huduma ya tohara kinga, kufuatia mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNAIDS ya mwaka 2007. Tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda zilikuwa zimeonesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke.

Huduma hiyo ililenga hasa vijana na watu wazima, yaani watu wanaoweza kueleza wanachokitaka. Mtoto wa siku kumi hawezi kuulizwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limefika mahakamani na bungeni katika nchi kadhaa: je, mzazi ana mamlaka ya kuridhia mwanawe akatwe govi ilhali mtoto si mgonjwa?

Shauri lililovuma zaidi ni la mji wa Köln nchini Ujerumani. Mtoto wa miaka minne alitahiriwa na daktari kwa matakwa ya wazazi wake, akatokwa damu siku mbili baadaye na kukimbizwa hospitali. Mei 2012 mahakama ilitamka kuwa tohara isiyo na sababu ya kitabibu ni kumjeruhi mtoto, na kwamba ridhaa ya wazazi haitoshi kuihalalisha. Daktari mwenyewe aliachiwa huru, kwa kuwa sheria ilikuwa haijaeleweka wazi. Waislamu na Wayahudi walipinga vikali, na kabla ya mwaka kwisha Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria inayowaruhusu wazazi kuridhia tohara, mradi ifanywe kwa kanuni za kitabibu na isihatarishe ustawi wa mtoto.

Nchi nyingine zimefuata njia tofauti. Afrika Kusini, kupitia Sheria yake ya Watoto Na. 38 ya mwaka 2005, inakataza tohara kwa mvulana wa chini ya miaka 16 isipokuwa kwa sababu za dini au za kitabibu. Kenya, katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, imekataza tohara ya kulazimishwa kwa watoto wa kiume. Nchini Iceland, muswada wa mwaka 2018 uliopendekeza kifungo cha hadi miaka sita haukupita.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haiikatazi tohara ya wavulana. Hata hivyo, kifungu cha 4 kinataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na kifungu cha 13 kinakataza mila yoyote inayodhuru mwili au akili ya mtoto. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 230, inamkinga na jinai mtu anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa manufaa ya anayefanyiwa.

Neno "manufaa" ndilo lenye uzito. Wanaounga mkono tohara ya uchangani husema kidonda hupona upesi na maambukizi ya njia ya mkojo hupungua. Wanaoipinga hujibu kwamba kinga dhidi ya VVU haina kazi kwa mtoto hadi miaka mingi ipite, hivyo hakuna haraka. Asubiriwe akue, aamue mwenyewe. Hoja hiyo si nyepesi.

Lisichanganywe na hili suala la ukeketaji. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, na ridhaa ya mzazi haimwokoi yeyote.

Kinga ya kifungu cha 230 inategemea uangalifu na ujuzi. Ngariba anayemkata mtoto nyumbani kwa wembe, bila dawa ya ganzi wala namna ya kuzuia damu, atapata shida kuidai. Mzazi wa Namanyere aliyekwisha kuamua anapaswa kumpeleka mtoto katika kituo cha huduma za afya, aeleze iwapo kuna tatizo la damu kutoganda katika ukoo, apewe maelezo ya faida na hatari, ndipo atie saini fomu ya ridhaa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye kasoro ya njia ya mkojo, huahirishiwa.

Baba na mama wasipokubaliana, wanaweza kumwona Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Nkasi kabla mtoto hajafikishwa kwa mtoa huduma.