Lifti: Je, unga na sukari kweli vinaenda pamoja?

Mama mmoja mwenye duka karibu na steji ya Gilgil alituuliza swali ambalo tumeona heri tulijibu hapa, liwafae wengine pia. Kijana wake anajifunza sayansi ya data. Baada ya kupitia risiti za duka alimwambia mamake: "Mum, zaidi ya nusu ya watu wanaonunua unga wananunua pia sukari. Weka ofa." Ofa yenyewe ilikuwa kumpunguzia bob 5 kwenye sukari kila anayechukua unga. Mama alikuwa tayari kuchukua mkopo aongeze magunia ya sukari. Akasita, akatuuliza: hesabu ya huyu kijana ni ya kuaminiwa?

Hesabu yake ni sawa. Shida ni kwamba aliishia njiani.

Nambari za duka ni siri ya mwenye duka, kwa hivyo hapa tunatumia za kutunga, zile zinazogawanyika bila kusumbua. Tuseme una risiti 200. Unga uko kwenye risiti 80, sukari kwenye 120, na risiti zenye vyote viwili ni 44.

Kipimo cha kwanza kinaitwa sapoti: vitu hivi viwili vinaonekana pamoja mara ngapi kati ya risiti zote? 44 kwa 200, yaani asilimia 22. Cha pili ni konfidensi: kati ya waliochukua unga, wangapi walichukua na sukari? 44 kwa 80, asilimia 55. Hapo ndipo kijana aliposema "zaidi ya nusu", na hakudanganya.

Lakini hebu angalia sukari peke yake. Iko kwenye risiti 120 kati ya 200, asilimia 60. Maana yake, mteja yeyote akiingia dukani, hata hujaona anachukua nini, ukisema "huyu atanunua sukari" utapatia mara 60 kwa 100. Ukishaona ana unga mkononi, unapatia mara 55. Unga haujakusaidia kitu! Sukari inaenda na kila mtu, ndiyo maana inaonekana kuenda na unga.

Kipimo kinachoshika jambo hili ndicho lifti (siyo ile ya kuomba pale barabarani ukielekea Nakuru). Unachukua konfidensi, unaigawanya kwa kiwango cha kawaida cha kile kitu cha pili. Hapa ni 55 gawanya kwa 60, jibu ni kama 0.92.

Kuna njia nyingine ya kufika hapo hapo, na sisi tunaipenda zaidi kwa sababu unaona risiti zenyewe badala ya asilimia. Jiulize: kama unga na sukari havijuani kabisa, ningetarajia risiti ngapi zenye vyote viwili? Zidisha 80 kwa 120, gawanya kwa 200. Ni 48. Zilizopatikana ni 44. Gawanya 44 kwa 48, tumerudi kwa 0.92.

Lifti ikiwa 1, vitu hivyo viwili vinakutana kwa bahati tu. Ikizidi 1, vinakutana kuliko bahati inavyoeleza. Ikiwa chini ya 1, vinakutana kwa uchache kuliko ulivyotarajia. Hata hivyo usikimbilie kusema watu wa unga hawapendi sukari. Kati ya 44 na 48 kuna tofauti ya risiti nne tu, na wiki ijayo zinaweza kugeuka. Mama anaweza kusema hili bila wasiwasi: hakuna dalili kwamba unga unavuta sukari. Na ile ofa? Wale 44 tayari wananunua vyote viwili bila kubembelezwa. Ukiwapunguzia bob 5 kila mmoja, umetoa shilingi 220 kabla hujapata hata mteja mmoja mpya, na mkopo unasubiri kulipwa.

Sasa chukua majani ya chai. Yako kwenye risiti 50, na 42 kati ya hizo zina sukari. Tulitarajia 30, tumepata 42, lifti ni 1.4. Hiyo ni habari. Mishumaa je? Risiti 16 tu. Viberiti viko kwenye 25, na vyote viwili kwenye 10. Kwa bahati ungetarajia 2, kwa hivyo lifti ni 5. Ona basi: konfidensi ya mshumaa kwenda kiberiti ni asilimia 62.5, haijaachana sana na ile 55 ya unga na sukari. Ukitazama konfidensi peke yake utadhani sheria hizi mbili ni ndugu, kumbe moja haina kitu na nyingine ina uzito.

Lifti haina mbele wala nyuma. Ukianza na kiberiti uende kwa mshumaa, konfidensi inashuka hadi asilimia 40, lakini lifti inabaki 5 ile ile. Ndiyo maana haiwezi kukuambia nini kinaleta nini. Huenda mshumaa hauleti kiberiti wala kiberiti hakileti mshumaa: stima imepotea mtaani, na watu wamekuja kutafuta vyote.

Ujanja huu wa sababu iliyojificha ndio unaowaangusha wanafunzi wengi, kwa hivyo tukae hapo kidogo. Chukua risiti nyingine 200, mia za asubuhi na mia za jioni. Asubuhi mkate uko kwenye 60, maziwa kwenye 60, vyote kwenye 36. Ungetarajia 36, umepata 36, lifti ni 1. Jioni mkate uko kwenye 10, maziwa kwenye 20, vyote kwenye 2. Ungetarajia 2, umepata 2, lifti ni 1 tena. Sasa changanya zote: mkate 70, maziwa 80, vyote 38. Ungetarajia 28. Lifti imeruka hadi 1.36! Asubuhi mkate na maziwa havijuani, jioni havijuani, lakini ukizimwaga risiti zote kwenye kapu moja vinakuwa marafiki. Kinachoviunganisha ni saa ya kifungua kinywa. Kwa duka la steji, ambako wasafiri wa Naivasha, Nakuru na Nyahururu hupita kwa mawimbi, hili si jambo dogo. Tenganisha saa, na utenganishe mwisho wa mwezi na siku za katikati, kabla hujaamini nambari yoyote.

Mtego mwingine ni wa vitu adimu. Mteja mmoja akinunua kufuli na wembe, na kufuli halikuuzwa tena kati ya risiti 200, na wembe ukauzwa mara 4 kwa jumla, lifti ni 50. Hamsini, kwa sababu ya mtu mmoja! Ndiyo maana programu hukudai uweke kwanza kiwango cha chini cha sapoti. Ukitumia Python na maktaba ya mlxtend, utaona safu iliyoandikwa "lift". Usiipange kutoka kubwa kwenda ndogo ukachukua ya juu tu. Angalia kwanza ni risiti ngapi ziko nyuma yake.

Sheria za namna hii zilianza kuandikwa na Rakesh Agrawal na wenzake wa IBM mwaka 1993, na algoriti maarufu ya Apriori ikafuata 1994. Sergey Brin, aliyekuja kuanzisha Google na mwenzake mwaka 1998, alikuwa miongoni mwa watafiti waliokitumia kipimo hiki mwaka 1997, kwa jina tofauti.

Jambo moja tulimwambia mama waziwazi, maana linatuhusu sisi. Meseji ya malipo ya till inaonyesha kiasi na saa. Haijui kama hizo bob 180 zilikuwa za unga au za sabuni. Kwa hivyo taarifa zetu peke yake hazitoshi kupata lifti ya bidhaa. Unahitaji daftari: kila mauzo mstari mmoja, saa, na vitu vilivyochukuliwa. Jina la mteja na namba yake ya simu usiandike. Huzihitaji kwa hesabu hii, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye zile tu unazohitaji.

Mama ameahirisha mkopo. Kijana amepewa daftari jipya na kazi ya wiki nne, asubuhi na jioni kwa kurasa tofauti. Kwa sasa wameanza na kitu kisichogharimu: viberiti vimehamia rafu ya mishumaa, na mishumaa hairuhusiwi kuisha, kwa sababu anayeikosa hapo ataifuata duka la jirani, na kiberiti atakinunua huko huko.