Majina ya Funksheni katika Maktaba za Pamoja: Mtazamo wa Kihangaza na Kishubi

Makala haya yanafafanua jinsi funksheni za maktaba za pamoja zinavyopewa majina katika mfumo endeshi huria wa Linux, na jinsi utaratibu huo unavyozigusa lugha za Ngara na Biharamulo. Funksheni ni kipande cha programu kinachofanya kazi mahususi na kuitwa kwa jina lake. Maktaba ya pamoja ni faili la funksheni ambalo programu nyingi hulitumia.

Jina la funksheni si istilahi. Istilahi ikibadilishwa, msomaji hutatizika kwa muda tu. Jina la funksheni likibadilishwa, programu zinazoliita hushindwa kufanya kazi. Aidha, maktaba mbili zikitoa jina lilelile, kwa kawaida kiunganishi huchukua linalotangulia kuonekana, wala hakitoi onyo. Ndiyo maana maktaba ya GLib huanza majina yake kwa g_, hata g_free ikatofautiana na free ya maktaba ya C. Mwanaisimu wa Kibantu atakumbuka mzizi -shubi: katika Bushubi, Mshubi na Kishubi, kiambishi ndicho kinachobainisha nchi, mtu na lugha. Ulinganisho huu usivutwe mbali, kwani g_ haina upatanisho wa kisarufi. Ni alama ya ukoo tu.

Pale ambapo utendaji hubadilika na jina halina budi kubaki, jina huongezewa alama ya toleo. Maktaba ya C ya GNU, toleo la 2.14 (2011), iliingiza memcpy mpya huku ikiihifadhi ya awali, ili programu za zamani zisiharibike.

Kwa hiyo kuyatafsiri majina hayo kwa Kiswahili kungekuwa kosa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia maneno anayoyaona mtumiaji, na hapo ndipo mahali pake. Funksheni strftime, inayoandika tarehe, huitwa hivyo popote. Kinachobadilika ni data za lugha. Kompyuta ya Ngara iliyowekewa sw_TZ itaandika “Januari”. Ng’ambo ya daraja la Rusumo, yenye rw_RW itaandika “Mutarama”.

Kihangaza, ndugu wa karibu wa Kinyarwanda, kina msimbo han katika kiwango cha ISO 639-3 kilichotolewa mwaka 2007. Kishubi kina suj. Hata hivyo, maktaba ya C ya GNU haina faili la data la lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kuliandika si kazi ya mhandisi peke yake. Faili hilo lina nafasi ya jina la lugha kama wenyewe wanavyoliandika. Msimbo suj hauamui jina hilo liandikweje. Uamuzi huo ni wa wasemaji wa Ngara na Biharamulo, na unatangulia mstari wa kwanza wa data.