Sura ya Tano: Mzimu Hauitwi Barazani

Ukisimama Kongowe ya Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, malori yote yanayokupita kwenda bara yanaelekea upande iliko milima ya Uluguru. Huko, pangoni, Wazaramo wa Kisarawe na wa pwani yote hii waliamini anakaa Kolelo, mwenye mvua na rutuba, anayesimuliwa kuwa ni joka kubwa. Mvua ilipogoma, wajumbe walifunga safari ya miguu kwenda kuomba, wakarudi na maagizo. Mwaka 1905 maagizo yaliyoenea Uzaramo hayakuhusu mvua. Kolelo, ilisemekana, amekataza kulipa kodi kwa Wajerumani. Gharika inakuja kuwafagia wao na wote wanaowafuata. Na bunduki za askari zitatema maji badala ya risasi. Mmisionari Martin Klamroth, aliyefanya kazi miongoni mwa Wazaramo, aliyaandika maneno hayo, na ndiyo maana tunayo leo.

Agizo kama hilo likileta maafa, nani ataulizwa? Kolelo hawezi kuitwa barazani. Kisasili hakina sahihi ya mtu, na nguvu yake inatoka hapo hapo: kimetoka kwa wahenga, kimetoka kwa mizimu, hakuna wa kubishana naye. Lakini kisasili hakisafiri chenyewe. Kuna aliyekwenda pangoni, kuna aliyerudi na habari, kuna mzee aliyeitangaza kijijini, na kuna kijana aliyeisikia akaamua kwenda au kubaki. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi ya kuchagua. Ninaloshikilia katika sura hii ni kwamba mwandishi au mtengeneza filamu anayegusa mambo ya mizimu ana wajibu wa kuwatafuta watu hao na kuwasimamisha mbele yetu.

Tusidhani mila zenyewe hazilijui jambo hili. Tazama unyago wa Kizaramo. Mwali akiwekwa ndani, desturi ilikuwa apewe mwana hiti: kijiti cha mviringo kilichochongwa, kinachoenea mkononi, hakina mikono wala miguu, kichwa chake kina shungi mbili na juu yake hubandikwa nywele. Mwali hukiogesha, hukipaka mafuta, hukibeba. Ni mtoto wake. Akikiangusha au kukitelekeza, huhofiwa kuwa amejitia nuksi ya uzazi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, aliandika kwa kina juu ya mila hizi katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Ukiziangalia kwa jicho la sura hii, utaona kwamba binti anafundishwa kubeba dhamana kabla hajakabidhiwa mtoto mwenye damu, na anafundishwa mbele ya watu. Ana kungwi wake, na kungwi huyo anajulikana. Binti akiyumba ndoani, kungwi anaulizwa alimfunza nini.

Sisemi unyago hauna lawama. Kumfungia binti ndani miezi na miezi wakati wenzake wako darasani kumewanyima wengi elimu, na jambo hilo lina wenyewe: baba, mama, shangazi. Ila wenyewe hao tunaweza kuwaendea nyumbani na kuzungumza nao. Pale ambapo ibada ina mashahidi na kiongozi anayejulikana, lawama ina mlango wa kubisha hodi.

Sasa twende Ngarambe, upande wa Rufiji, mwaka 1904. Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisimulia kwamba Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo aitwaye Hongo asubuhi, akaenda kifudifudi hadi kwenye bwawa la maji. Jamaa zake walimvuta miguu, wakashindwa. Kesho yake alitoka majini na nguo zake kavu, akaanza kutabiri. Watu walimiminika kwake kutoka kila upande kuchukua dawa ya kuzuia risasi: maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Walikuwa na sababu za kutosha. Tangu mwaka 1902, kuanzia wilaya ya Dar es Salaam ambayo Uzaramo ulikuwa ndani yake, serikali ya Kijerumani ilikuwa imewalazimisha wanavijiji kulima mashamba ya pamoja ya pamba chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, kwa ujira mdogo mno hata wengine wakakataa kuupokea.

Kinjikitile aliwaambia watu wasubiri amri yake. Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete, Wamatumbi waling'oa pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile kule Mohoro. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alisema kumwua hakutasaidia kitu, maana dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Tarehe 30 Agosti, maelfu ya watu walioinywa dawa hiyo walilishambulia boma la Mahenge na kukutana na bombomu.

Ebrahim Hussein aliichukua habari hii akaifanya tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Alibadili herufi mbili za jina kwa makusudi, ili tujue kwamba mtu wake ni wa kubuni na hafungwi na kumbukumbu za historia. Uhuru huo aliutumia kumpa Kinjeketile jambo ambalo masimulizi ya Ngarambe hayana: shaka. Katika tamthilia, nabii anagundua kwamba ndani ya utabiri alioutamka mwenyewe mna ahadi ya kuwaweka watu chini ya Seyyid Said. Yaani atamtoa Mjerumani ili amrudishe Sultani. Anajiuliza ni nani hasa aliyesema kwa kinywa chake. Kwa wakati huo neno limekwisha kumtoka, linatembea kijiji kwa kijiji, na wale waliolipokea hawamhitaji tena aliyelizaa. Akiwaambia wangoje, wanamwona mwoga.

Tendo la mwisho ndilo linalonifanya niirudie tamthilia hii kila mara. Kinjeketile amefungwa, anateswa, na anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, jemadari wake, anamsihi aseme, kwa sababu watu wamekufa na wengine watakufa. Anakataa. Hoja yake ni kwamba akisema maji ni uongo, Wajerumani watawafundisha watoto wetu kuwa kupigania haki nako kulikuwa uongo. Ni hoja nzito, na naamini ina ukweli. Hata hivyo siko tayari kumwachia Kinjeketile aondoke msafi. Alijua kwamba maji hayazuii risasi, na kunyamaza kwake nako ni uamuzi wenye gharama iliyolipwa na miili ya wengine. Hussein hakutupa hukumu. Alimsimamisha mtu pale ambapo watu walizoea kuona pepo Hongo tu, akatuachia sisi wasomaji kazi ya kumhoji. Mwalimu anayefundisha tamthilia hii darasani asiharakishe kumwita Kinjeketile shujaa na kufunga daftari.

Upande wa pili nao una kisasili chake. Baada ya vita, Gavana von Götzen na maofisa wake waliandika kwamba chanzo cha yote ni waganga na ushirikina. Simulizi hiyo iliwafaa sana, maana ukishasema washenzi wamedanganywa na maji, huna haja ya kueleza pamba, kodi wala viboko. Huna haja pia ya kueleza njaa. Jeshi lilichoma vijiji, likaharibu mazao na maghala, na Kapteni Wangenheim aliandika waziwazi kwamba ni njaa peke yake itakayowaleta watu kusalimu amri. Makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Wengi wao hawakuuawa na imani yao juu ya maji. Waliuawa na amri zilizotolewa na watu wenye vyeo, ofisini, kwa kalamu.

Kuitupia mizimu jinai ya binadamu ndiko kulikompa Muhammed Said Abdulla mtaji wa riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti ya tajiri inakutwa mahali penye mzimu, na mahali penyewe panatosha kuwatia watu hofu wasichunguze. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, hapotezi muda kubishana kama mizimu ipo au haipo. Anauliza nani alikuwa wapi, na nani alipata faida.

Bahati mbaya, sinema nyingi za video tunazotazama hazifuati njia ya Bwana Msa. Mtu anatoa kafara, damu inamwagika, na fedha zinamiminika kweli kweli mbele ya kamera. Mwishoni anaadhibiwa, na mtengenezaji anaona ametimiza wajibu wa maadili. Hajautimiza. Adhabu ya dakika tano za mwisho haifuti ushahidi wa saa nzima kwamba kafara inafanya kazi. Anayetoka pale amejifunza kuwa utajiri wa damu upo, ila bei yake ni kubwa. Na maskini aliyekata tamaa anaweza kuamua kwamba bei hiyo ataimudu.

Tunajua matokeo ya imani kama hiyo. Kuanzia mwaka 2007 hivi, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo vinaleta bahati migodini na kwenye uvuvi. Filamu ya White Shadow ya Noaz Deshe, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2013 na kupewa tuzo ya filamu bora ya kwanza, inamfuata Alias, kijana mwenye ualbino ambaye baba yake anauawa mbele ya macho yake, kisha mama anampeleka mjini kwa mjomba. Ni filamu ngumu kuitazama, na nathamini kwamba haimpi mtazamaji pepo wa kumlaumu. Panga limeshikwa na mikono ya watu. Mauaji ya namna hii hufanyika usiku, bila shahidi, bila kiongozi anayejulikana, na siri hiyo inayatenga kabisa na tambiko linalofanywa mchana mbele ya ukoo, hata kama muuaji anajifunika kwa jina la mila.

Kuna ibada nyingine ya karibuni ambayo ningependa isomwe kwa macho haya haya. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Siku chache baadaye wakamnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akainama mbele ya kaburi, akaweka shada la maua, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Maneno hayo yalitamkwa mchana, mbele ya ukoo wa Mbano na kamera za dunia, na mtu anayejulikana jina na cheo. Kwa hiyo yeye, na kila atakayekikalia kiti chake, anaweza kuulizwa kichwa cha Songea kiko wapi.