Ganda Linapoinyima Punje

Msomaji wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, ameniletea swali zuri. Alinunua mbegu bora ya maharage. Mvua ikakatika wakati maganda yanajaa, lakini shamba likabaki la kijani na maganda yakaning'inia kwa wingi. Siku ya kupura akaambulia debe moja na ushei. Je, aliuziwa mbegu feki?

Si lazima. Yawezekana mbegu yake ni hodari wa kutengeneza majani na maganda, ila ni nzito kulisha punje. Mbolea, nafasi na palizi anazijua kuliko mimi, kwa hiyo naziruka niende moja kwa moja ndani ya ganda.

Anayetafuta mavuno huanza kwa kuchagua mmea wenye maganda mengi. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, M. W. Adams wa Michigan, alieleza kwa nini njia hiyo hukwama. Maganda yakiongezeka, punje za kila ganda hupungua au husinyaa, kwa kuwa zote zinagombea sukari ileile. Swali la maana, basi, ni sukari hiyo inaishia wapi.

Fikiria mzigo wa ndizi kutoka Kinole. Hushuka kupitia Mkuyuni hadi Bigwa, ndipo uingie Morogoro mjini. Ndizi zinaweza kujaa Kinole hadi zikaivia shambani, lakini mama ntilie wa mjini hapiki chochote mpaka mzigo umfikie. Jani ndilo Kinole, maana sukari hutengenezwa huko kwa mwanga wa jua. Floemu, ile mirija ya chakula ndani ya shina, ndiyo barabara. Ganda ndilo Bigwa: mzigo hutua hapo kwanza, na ganda, likiwa bado bichi, hula sehemu yake na kuweka nyingine akiba. Punje ndiyo mjini. Mvua ikikatika, Kinole inapunguza mzigo. Mmea mkarimu hufungua maghala yote ya njiani, ukatoa akiba ya shina, kisha ya ganda, na kupeleka kila kitu mjini. Ganda lake hukauka likawa jembamba, karibu halina uzito. Mmea mchoyo huacha shehena imelala Bigwa, ganda likabaki nene na punje zikasinyaa.

Kinachonifurahisha kupita vyote ni hatua ya mwisho, kwa sababu barabara yenyewe haiingii sokoni. Pasua ganda bichi utaona kikonyo kifupi kinachoishika kila punje. Mirija hupita humo, ikatawanyika katika ngozi ya punje na kuishia hapo. Ngozi hiyo ni mwili wa mmea mama. Kiinitete kilichomo ndani ni mtoto, na kati yao hakuna mrija hata mmoja. Ngozi hushusha sukari katika uwazi mwembamba wenye majimaji. Kotiledoni, yaani yale mapande mawili tunayoyala, huiokota kwa protini maalumu zilizo katika utando wa seli zake. Tena zikiokota kwa kasi, ngozi nayo hushusha kwa kasi; wachukuzi wa sokoni wakichangamka, gari halikai na mzigo. Punje ina sauti katika kujiitia chakula chake, na sauti hiyo hurithiwa. Kinachorithiwa kinaweza kuchaguliwa.

Watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa kilichoko Palmira, Kolombia, hupima ukarimu huo kwa mizani tu: uzito wa punje kavu hugawanywa kwa uzito wa maganda makavu pamoja na punje zake. Kitaalamu ni fahirisi ya mavuno ya ganda, jina linalochosha kabla halijaeleweka. Mimi nasema tija ya ganda. Katika majaribio ya ukame, maharage yenye tija kubwa ya ganda aghalabu ndiyo yaliyovuna vizuri.

Kuihamisha sifa hiyo kutoka mmea mmoja hadi mwingine ni kazi ya vidole. Ua la harage hujichavusha lenyewe, tena chavua humwagika kabla petali hazijafunguka. Kwa hiyo mtafiti hulifungua chipukizi la ua kwa kibano mapema, hutoa stameni zote kumi, kisha hupaka stigma chavua ya mmea aliouchagua. Baada ya hapo huja vizazi kadhaa vya kupanda, kupima na kutupa. Upande wa pili wa mji kutoka Bigwa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefanya kazi ya namna hii kwa miongo kadhaa. Aina yake ya maharage ya SUA 90 ilitoka mwaka 1990, Rojo mwaka 1997, Mshindi na Pesa mwaka 2006. Magonjwa na udongo navyo vina sehemu yake katika uchaguzi wa mbegu, na ladha pia: mpenzi wa maharage ya kablanketi hashawishiki kwa mizani peke yake.

Kwa msomaji wangu: msimu ujao chuma maganda makavu 50 kutoka kila aina uliyopanda na uyaanike pamoja. Yapime, yapure, kisha upime punje peke yake. Gramu 100 za maganda zikitoa gramu 75 za punje, tija ni asilimia 75, na hiyo ni mbegu ya kuweka. Ikiwa chini sana ya hapo, mmea umekula jasho lako. Nawaomba na wauza mbegu waichapishe namba hiyo kwenye pakiti, karibu na siku za kukomaa. Mkulima anayetegemea mvua ana haki ya kujua, kabla hajalipa, ni kiasi gani cha kinachoota shambani mwake kitafika chunguni.