UZI: "Umepata msaada" ni pesa ngapi hasa? Karo ya chuo kidogo cha dini

1/ Kila msimu wa siasa utasikia maneno mawili. Mmoja anasema, "Serikali inasomesha kila mtoto." Mwingine anajibu, "Vyuo vya dini ni vya watoto wa matajiri." Yote mawili yana shimo. Twende polepole, kalkuleta mkononi.

2/ Historia kidogo. Kuanzia 2016, KUCCPS ilipeleka wanafunzi hata kwa vyuo vikuu vya kibinafsi, serikali ikilipa sehemu ya karo. Pesa zikachelewa, deni kwa vyuo hivyo likafika mabilioni. 2023 mfumo mpya ukaingia.

3/ Mfumo huo una bendi 5 kwa vyuo vya umma. Bendi ya 1: ufadhili 70%, mkopo 25%, familia 5%. Bendi ya 5: ufadhili 30%, mkopo 30%, familia 40%. Ufadhili haurudishwi. Mkopo unarudishwa.

(Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo.)

4/ Sasa sikiza vizuri. Ukienda chuo cha kibinafsi, kiwe cha kanisa ama cha Kiislamu, ule ufadhili wa serikali ni sufuri. Unaweza kuomba mkopo wa HELB, basi. Hata kama nyumbani hali ni ile ya Bendi ya 1, ile 70% haikufuati.

5/ Tuchukue mfano wa kubuni, wa mwaka mmoja:
Karo 160,000
Hosteli na chakula 70,000
Ada zingine 15,000
Jumla 245,000

Msaada:
Punguzo la chuo 30,000
Kazi ya maktaba 20,000
Basari ya CDF 15,000
Mkopo wa HELB 60,000
Jumla 125,000

6/ Hapo utaambiwa, "Hongera, zaidi ya nusu imelipwa!" Haijalipwa. Kitu umepewa bure ni punguzo na basari: 45,000. Ile 20,000 utaitolea jasho. Ile 60,000 ni deni. Gharama yako halisi ni 200,000, na kati ya hizo 120,000 zinatoka mfukoni mwaka huu huu.

7/ Zidisha kwa miaka 4: mfukoni 480,000, na deni la HELB 240,000 kabla ya riba. Riba ni 4% kwa mwaka, na unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, uwe na kazi usiwe nayo.

8/ Na hiyo ni kama hakuna kitu kimekatika. Basari ya CDF unaomba kila mwaka, na kamati inaweza kukuruka. Punguzo la chuo mara nyingi lina masharti ya alama. Familia ikiuza ng'ombe mwaka wa kwanza na basari ikose mwaka wa tatu, mtoto anarudi nyumbani na deni, bila digrii. Huyo ndiye hatajwi jukwaani.

9/ Mjadala wenyewe ni huu. Upande mmoja: mzazi wa mtoto wa chuo cha dini pia analipa ushuru, kwa hivyo pesa zimfuate mtoto. Upande wa pili: vyuo vya umma vyenyewe vina madeni, na aliyechagua chuo cha kibinafsi amechagua gharama yake. Pande zote zina hoja. Lakini ukisema pesa zimfuate mtoto, sema pia zitatoka wapi, maana 2016 tulianza hivyo hivyo tukaishia kwa madeni.

10/ Mheshimiwa akiahidi "msaada wa karo," muulize:
– Ni ya kupewa ama ya kukopa?
– Ni ya mwaka mmoja ama hadi mtoto amalize?
– Inalipa karo peke yake ama na chakula na hosteli?
– Wa chuo cha kibinafsi yumo?

Na wewe mzazi, kabla ya kuitisha harambee, uliza ofisi ya fedha ya chuo maswali hayo hayo, na majibu uyapate kwa maandishi.